Kumrudisha Farasi wa Che Rajabu

Jamani, nimechoka. Kila nikitia uzi kwenye sindano, mtu huyu hapa mlangoni: "Mama Deo, ni kweli ulisimamisha malori ya makaa ya mawe?" Huyo hajaondoka, anaingia mwingine: "Ni kweli ulikamatwa sokoni kwa wizi wa korosho?" Wanakwaya wenzangu ndio wamevuka mipaka, maana wao wamesikia nimesilimu. Basi nimeacha gauni la watu kwenye cherehani, nimekaa niandike yote mara moja. Atakayeniuliza tena baada ya hapa nitamshonea sketi isiyo na pa kuingilia.

Wengi mnanijua. Kwa asiyenijua, mimi ni Scola, Mngoni, fundi cherehani, na kibaraza changu kiko Ruhuwiko. Che Rajabu alikuwa Myao wa Nalasi, kule Tunduru, aliyehamia hapa Songea ujanani akaoa na kuzaa Lizaboni. Alikuwa akiuza korosho za kukaanga kwa baiskeli. Kila siku ya Mungu alitoka Lizaboni, akapita sokoni, akaja mpaka Ruhuwiko. Kibarazani kwangu ndiko alikogeuzia.

Wangoni na Wayao ni watani. Babu zetu walipigana, sisi tukaachiwa matusi. Kwa hiyo Che Rajabu hakuwahi kunisalimia kama watu wanavyosalimiana. Alikuwa akisimamisha ile baiskeli yake nyeusi ya bomba la kati, aliyoiita Farasi, ananitazama nilivyokaa, anasema: "Ninyi mlitoka kwa Wazulu mbio, kwa miguu. Mpaka leo kitu chenye magurudumu kinawatia homa." Na mimi namjibu: "Na ninyi tuliwafukuza mkaishia kujificha chini ya mikorosho, ndiyo maana mnaijua vizuri." Kisha ananimiminia korosho kwenye kiganja, tunakaa.

Tatizo ni kwamba kuhusu magurudumu alikuwa anasema kweli. Nilipokuwa msichana niliendesha baiskeli vizuri tu, mpaka siku nilipoteremka kilima cha kijijini kwetu huku nimegeuka nyuma, nikakutana na nguruwe. Tulitumbukia wote wawili kwenye shimo la udongo wa matofali. Nguruwe ndiye aliyeinuka kwanza. Tangu siku hiyo sikugusa baiskeli, na sasa nina wajukuu.

Siku moja Che Rajabu alifika kibarazani uso umempauka, mkono kifuani. Nikamwitia bajaji impeleke hospitali. Ameshaingia, akachomoa kichwa nje. "Mtani, nitunzie farasi wangu. Usimle." Bajaji ikawaka. Akachomoa kichwa tena. "Nikichelewa, mpande umlete nyumbani mwenyewe. Kama utaweza!" Akacheka, wakaondoka. Hakurudi, Mwenyezi Mungu amrehemu. Baiskeli ikabaki imeegemea ukuta wangu, koti lake la kaki limening'inia kwenye usukani.

Sasa mnajua msibani mtani ana kazi yake. Wafiwa wakilia, mtani huvaa nguo za marehemu, hutembea kama marehemu, huwaficha watu majembe ya kuchimbia kaburi, mpaka wenye msiba wacheke kidogo wapate nguvu ya kumeza chakula. Mimi siku ya mazishi nilivaa lile koti, nikasimama mbele ya akina mama, nikafungua mdomo nimuige, nikaangua kilio. Mtani analia! Nilisikia mtu nyuma akisema, "Sasa huyu amekuja kufanya nini?" Mjane wake, Abiti Issa, yaani binti wa Issa kwa Kiyao chao, aliinua macho akanitazama, akayashusha.

Zilipokaribia siku arobaini, binti yao Mwajuma alikuja kwangu. Hakukaa hata kwenye kiti.

"Mama Scola, mama hali chakula. Vijiko viwili, anasema ameshiba. Amekaa ndani na eda yake, hasemi, hacheki. Jumamosi ndiyo arobaini. Njoo ufanye kazi yako."

"Nitakuja, mwanangu."

"Na baiskeli ya baba?"

"Nitaileta."

"Kwa bajaji?"

Hapo ndipo kiburi cha Kingoni kilipofungua mdomo kabla yangu. "Nani amesema bajaji? Nitaipanda."

Kibarazani mpaka kwenye lami

Jumamosi asubuhi kulikuwa na ile baridi yetu ya mwezi wa sita inayong'ata masikio, na ukungu umeifunika milima ya Matogoro. Chini nilivaa suruali ya michezo ya mwanangu Deo, juu yake gauni, juu ya gauni koti la marehemu, na kichwani kofia ya kiua niliyoishona mwenyewe ili nifanane naye. Kwenye usukani nilifunga rozari. Ndiyo, kwenye baiskeli ya Mwislamu. Mama wa Mungu hana ubaguzi, na mimi nilikuwa na hofu.

Baba Deo alitoka na kikombe chake cha chai akakaa kwenye ngazi kabisa, kama mtu aliyelipia kiingilio.

"Nikuitie nani awe tayari," akauliza, "fundi baiskeli au fundi mifupa?"

"Niombee tu."

"Nimeanza tangu jana."

Jambo la kwanza nililogundua ni kwamba mguu wangu hauvuki tena lile bomba la kati nikiwa nimesimama chini. Lazima nipande juu ya kitu. Nikaiegemeza baiskeli kwenye ngazi, nikapanda kutoka hapo, Baba Deo akanisukuma, nikaenda. Jamani, niliendesha! Usukani ulikuwa ukienda kulia na kushoto kama unatafuta kitu ulichodondosha, lakini nilikuwa naenda. Majirani wakatoka. Bibi mmoja akauliza, "Huyo Scola anapelekwa wapi?" Hakusema naenda, alisema napelekwa, na alikuwa sahihi.

Kabla ya lami nilisimama kumpisha mbuzi. Hilo lilikuwa kosa, maana mbuzi alipita na mimi nikabaki chini, sina ngazi. Ikabidi niisukume baiskeli nikitafuta jiwe. Ninyi mnaopita Ruhuwiko kila siku, mmewahi kuona jinsi kulivyo na uhaba wa mawe ya kimo cha kutosha? Nililipata mbele ya duka la vifaa vya ujenzi, nalo halikuwa jiwe, lilikuwa mfuko wa saruji. Mwenye duka akapiga kelele, mimi nikawa nimeshaondoka. Hapo hapo nikajiwekea sheria: nisisimame tena mpaka sokoni, hata iweje.

Mtauliza kwa nini sikupita njia za ndani, zile za vichochoro ambazo hazina magari. Mwajuma naye aliniuliza. Ni kwa sababu Che Rajabu hakupita huko. Kama namuiga, namuiga kweli, kwa mzunguko wake uleule: lami, soko, Lizaboni, na pale kwenye kona ya kwao kuna jambo alilokuwa akilifanya kila jioni. Alinisimulia mara nyingi, akimuiga mkewe kwa sauti nyembamba mpaka nabanwa mbavu. Akifika konani alikuwa akipiga kengele mfululizo, kriing kriing kriing. Abiti Issa kutoka ndani anaita: "Umerudi na korosho au umerudi na maneno?" Naye anajibu: "Korosho zimeisha, mke wangu. Maneno yamebaki!" Kila jioni, miaka yote ya ndoa yao.

Mimi nilitaka kuipiga kengele ile konani. Hiyo ndiyo ilikuwa safari yangu. Hayo mengine yote yalikuwa njia tu.

Kwenye lami, pamoja na makaa ya mawe

Mtu anayepita lami kwa bajaji hajui lami ni nini. Kwenye bajaji unaona maduka. Kwenye baiskeli unaona matairi.

Kwanza walikuja vijana wa bodaboda. Hawa hawakunitisha kwa mwendo, walinitisha kwa ushauri. Kila mmoja alipunguza mwendo, akanisogelea kwa urafiki kabisa, akasema lake. "Mama, tazama mbele!" "Mama, usitazame tairi!" "Mama, legeza mabega!" "Mama, kaza mikono!" Mmoja alinisindikiza kitambo akiniuliza kama ninashona sare za shule. Nilimwambia ndiyo kwa macho, maana mdomo ulikuwa kwenye Salamu Maria.

Kisha nikasikia ardhi inatetemeka. Mnayajua yale malori yanayotoka upande wa Mbinga yamejaa makaa ya mawe, yanakwenda kwa foleni kama maandamano. La kwanza lilinipita na upepo wake ukanivuta kuelekea ndani ya barabara. La pili likanisukuma nje. Nikawa natumika kama pazia. La tatu halikupita. Lilikaa nyuma yangu, likapiga honi, na ile honi, wapendwa, haipigwi masikioni, inapigwa tumboni.

"Pita!" nikapaza sauti bila kugeuka.

"Toka!" dereva akajibu.

Sikuweza kutoka, kwa sababu kutoka ni kusimama, na kusimama ni kutafuta jiwe. Nikaendelea katikati ya njia, koti linapepea, na nyuma yangu foleni ya malori ikanyoosha mkia. Watu kandokando wakaanza kupiga makofi. Mama mmoja muuza vitumbua alipiga vigelegele, sijui alidhani ni harusi ya nani.

Kipilefti

Ndivyo nilivyoingia kwenye kipilefti nikiwa nimeongoza msafara.

Kuingia ni rahisi, tatizo ni kutoka. Nilitakiwa kutokea upande wa sokoni, lakini kila nilipokaribia mlango ule bajaji ilichomoka kutoka kushoto, na mimi nikaona heri nizunguke tena. Nikazunguka. Nikafika tena. Bodaboda. Nikazunguka. Pale pembeni alisimama askari wa usalama barabarani, kijana mnene wa sare nyeupe, ambaye mwanzoni alinitazama kwa uvumilivu. Mazungumzo yetu ilibidi tuyafanye kwa awamu, kila nilipompitia.

"Mama, shikamoo! Unakwenda wapi?"

"Marahaba! Sokoni!" Nikampita.

Nikarudi. "Sokoni ni huku, mama!"

"Najua!" Nikampita.

Nikarudi. "Mbona huendi?"

"Siwezi kutoka!"

Nikarudi. Sasa alikuwa ameweka mikono kiunoni. Kuna kitu alikisikia katika matamshi yangu. "Mama, wewe ni kabila gani?"

"Mngoni!" Nikampita, nikawa najiuliza tangu lini usalama barabarani unauliza makabila.

Nilipozunguka tena nilimkuta amenawiri uso mzima. "Mimi ni Mhehe! Kamwene!" akanisalimu kwa kwao.

Nikajua nimekwisha. Mhehe na Mngoni ni watani kuliko hata Myao na Mngoni, na mtani akikukuta kwenye shida hakuokoi kabla hajaifaidi. Akawageukia vijana wa bodaboda waliokuwa wameegesha: "Mnaona? Walipotukimbia zamani walikimbia hivihivi, kwa kuzunguka!" Vijana wakaanguka kwa kicheko. Mimi napita, nikamrushia: "Na ninyi mlikuwa mnatufuata mle mbwa wetu!" Wakaanguka upya. Ukweli sikutaka kumjibu, miguu ilikuwa inawaka moto, lakini utani ukipigwa haurudi mikono mitupu.

Mwishowe alinihurumia. Alipuliza filimbi, akanyoosha mkono wake mmoja kwa malori na mwingine kwa bajaji, akasimamisha mji mzima wa Songea. "Simameni nyote! Mngoni anapita, ana haraka ya kukimbia!"

Nikatoka, nikamwinulia mkono kumshukuru. Hilo la kuinua mkono sikulipanga, nilishtukia limefanyika, na baiskeli haikuanguka. Nawaambia kweli, kwa kipande kile cha barabara nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu kabla ya nguruwe. Niliona kwa nini mtu mzima anaweza kuiita baiskeli farasi.

Sokoni, nilikopata robo ya mtani

Nilisimama sokoni kwa msaada wa fungu la kabichi. Mwenye kabichi tukaelewana.

Nilitaka korosho za kujaza kopo la Che Rajabu, lile lililofungwa nyuma kwenye karia. Nikamwona mwanamume amekaa nyuma ya sinia la korosho, na kichwa changu, kikiwa bado kina moto wa kule kipilefti, kikasema: korosho, Tunduru, Myao, mtani. Sikuuliza. Nikazamisha mkono kwenye sinia, nikachota konzi, nikatafuna mbele ya uso wake. "Lete hizo, mkimbizi wa mikorosho! Babu yangu alimfukuza babu yako, leo na wewe nakufukuza!"

Yule mtu hakucheka. Aliinuka taratibu.

"Mama, tunajuana?"

"Myao na Mngoni wanahitaji kujuana?"

"Mimi ni Mkinga wa Makete."

Korosho zikakwama kooni. Nimemla Mkinga mali yake sokoni, mchana kweupe, na nimemtukania babu! Akashika usukani wa baiskeli. "Hii haiondoki hapa. Mwizi amevaa kofia ya kiua na rozari, anawatapeli watu wa dini zote mbili kwa pamoja."

Watu wakajaa. Nikajieleza, naye ameng'ang'ania usukani. Ndipo ikafunguliwa kesi ambayo haiwezi kufunguliwa nchi nyingine yoyote: je, Mkinga na Mngoni ni watani? Muuza dagaa wa Nyasa alisema ndiyo, kupitia kwa Wabena. Mwenye kabichi alisema hapana, Wakinga ni wapya, walikuja na biashara, hakuna vita waliyopigana na mtu zaidi ya bei. Mzee mmoja aliyekuwa anapima maharage aliagiza tutazame upande wa kina mama.

"Bibi yako mzaa mama alikuwa kabila gani?" wakamuuliza yule Mkinga.

Akajikuna shingo. "Bibi alikuwa Myao," akasema. "Wa Tunduru."

Kelele zilizopigwa hapo zilisikika mpaka stendi. Mzee wa maharage akatoa hukumu: "Robo Myao. Kwa hiyo ni robo mtani. Mama alikuwa na ruhusa ya robo konzi, hiyo iliyozidi Mungu amsamehe. Na wewe una haki ya kumchukulia kitu chake, ila kiwe kidogo."

Mkinga sasa alikuwa anacheka mpaka jino la mwisho linaonekana. Akaizunguka baiskeli kama mnunuzi wa ng'ombe, akachukua spana kwa jirani, akafungua kengele, akaitia mfukoni. "Hii ndiyo robo yangu!" Nami nikacheka, maana mila haikuruhusu kununa, na pia moyo wangu ulikuwa umerudi mahali pake. Alinijazia lile kopo mpaka juu, kwa wema kabisa.

Wakati huohuo simu ikalia. Mwajuma. "Mama Scola, uko wapi? Hitma inakaribia kwisha, pilau inaepuliwa! Mama amesema hataki hata kuandaliwa sahani!"

Nikapanda juu ya gunia la maharage la yule mzee, nikaondoka mbio.

Kilima cha Lizaboni

Kilima kile nilikisukuma, siwezi kuwadanganya. Katikati mama mmoja wa mihogo ya kukaanga alinionea huruma akanipa kipande chenye pilipili. Sijui kama nimewahi kula kitu kitamu kama kile, nimesimama, jasho linatiririka ndani ya koti la marehemu na baridi iko palepale nje. Nikapanda kutoka kwenye kigogo chake cha kukalia, nikaingia mitaa ya Lizaboni.

Sasa fikirieni mnavyoniona kutoka nyuma: koti la kaki, kofia, baiskeli nyeusi, kopo la korosho. Mwanamke mmoja alikuwa anatoka bombani na ndoo kichwani. Nilisikia tu ndoo inagonga chini.

"Che Rajabu!" akapiga ukelele. "Jamani, Che Rajabu huyo!"

Nikageuka kumtuliza. Nguruwe wangu alinifundisha zamani kwamba ukiwa kwenye baiskeli hugeuki, lakini nimesahau mengi. Nikaingia mtaroni. Mtaro haukuwa na maji, namshukuru Mungu, ulikuwa na makapi ya mahindi tu.

Yule mwanamke akaja akachungulia huku amejishika kifua. "Kumbe ni mtu."

"Ni mtani wake. Nampeleka farasi nyumbani."

Alinitazama koti, akaitazama baiskeli, macho yakamjaa. "Alikuwa ananipa korosho za mwanangu kila Ijumaa," akasema. Kisha akanipa mkono, akanitoa mtaroni, akainama kabisa niutumie mgongo wake kupanda. Nikakataa kwa adabu, tukatafuta tofali. Nilipoondoka alikuwa nyuma yangu kwa miguu, na nyuma yake watu wengine, wote wanakwenda arobaini, na kila mmoja ananiambia polepole, mtani, polepole.

Kona

Niliiona kona. Nikaona uzio wa michongoma, na juu yake moshi wa majiko. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye mikeka uani. Ndani ya nyumba, nyuma ya pazia la mlango, alikuwepo Abiti Issa, asiyeruhusiwa kutoka kwa sababu ya eda. Hangeniona. Alichoweza ni kusikia tu.

Nikapeleka kidole gumba kwenye kengele. Hakuna kengele.

Jamani, moyo ulidondoka. Kengele iko mfukoni mwa Mkinga! Safari nzima, makaa, kipilefti, mtaro, vyote kwa ajili ya ile kriing, na mimi nimeitoa sokoni huku nacheka. Nilitaka kulia palepale. Nikamwona tena Abiti Issa siku ya mazishi akiinua macho na kuyashusha. Na baiskeli haikusubiri, ilikuwa inateremka.

Basi nikajaza kifua, nikapiga kengele kwa mdomo.

"KRIIIING! KRIIIING! KRIIIING!"

Shehe aliyekuwa anafunga kitabu akabaki nacho mkononi. Nikapiga tena, sauti ikakatika katikati ikawa kama jogoo aliyekabwa. Hakuna aliyecheka. Nikafikiri: Scola, safari hii umeharibu kabisa.

Kisha, kutoka nyuma ya pazia, sauti nyembamba, kavu, kama mlango ambao haujafunguliwa siku nyingi:

"Umerudi na korosho, au umerudi na maneno?"

Nilijua jibu, nililijua miaka, na lilikataa kutoka. Nikasema moyoni, mtani, leo usilie, leo usilie, fanya kazi yako. Nikalisukuma kwa nguvu zangu zote, kwa sauti yake yeye, ile nzito ya kujisifu:

"Korosho zimeisha, mke wangu! Wangoni wamezila sokoni! Maneno yamebaki!"

Na kwa kuwa sikuwa na jiwe, nikaingia na baiskeli kwenye michongoma.

Kicheko kilianzia ndani. Hilo naomba mliandike vizuri vichwani mwenu, maana kila mtu anadai ni yeye aliyeanza. Kilianzia nyuma ya pazia, kidogo, kisha kikapanda, kisha ukumbi mzima wa akina mama, kisha mikeka yote. Shehe mwenyewe aliponisaidia kutoka kwenye miiba aliiona rozari kwenye usukani, akauliza kwa upole, "Huyu farasi naye amebatizwa?" Nikamjibu alibatizwa njiani, kwa dharura. Hapo ndipo zilipotoka habari za mtu kusilimu. Sasa mnajua aliyebadili dini ni nani.

Waliniingiza ndani. Abiti Issa alikuwa amekaa kwenye mkeka, anafuta machozi ya kucheka kwa ncha ya khanga. Mwajuma akatuletea sinia moja la pilau. Nikakaa na koti langu lenye miiba, na mama yule akala. Si vijiko viwili. Alikula kwa mkono, upande wake wote, akaanza kuingilia upande wangu.

Alipomaliza alinishika lile koti kwenye kola, akaliweka sawa, kama alivyokuwa akimwekea mumewe.

"Haya, mtani," akasema. "Kazi umemaliza. Sasa lia."

Tukalia wote wawili, vizuri, hakuna aliyetuzuia.

Kurudi

Baiskeli alinirudishia. Alisema nyumbani kwake hakuna wa kuipanda, ila akaweka sharti: Jumamosi niipitishe pale konani. Nikamwambia nitamfuata yule Mkinga niikomboe kengele. Akasema nimwachie, hiyo ya mdomo ndiyo anayoitaka.

Kwa hiyo ninyi mnaoniona kila Jumamosi napiga kelele barabarani kama mwendawazimu, ndiyo hiyo. Kipilefti bado nakizunguka zaidi ya inavyotakiwa, na yule Mhehe bado ananisimamishia mji kwa matusi. Nina mawe yangu njia nzima, ninayajua kama shanga za rozari. Na kila Jumamosi nimepiga kriing yangu, nimeulizwa swali langu kutoka nyuma ya pazia, nimejibu.

Jumamosi iliyopita nilipanda kilima nimechelewa, pumzi hakuna, nikawa najiuliza kama leo sauti itatoka. Nikainua kichwa. Eda yake ilikuwa imekwisha. Abiti Issa alikuwa amesimama nje, konani kabisa, amejifunga khanga kichwani, na kabla sijafungua mdomo aliweka viganja viwili kinywani akanipigia yeye:

"Kriing! Kriing! Wewe Mngoni, pita upesi, chakula kinapoa!"

Niliingia mtaroni tena. Lakini nilikuwa nacheka.